Daftari la Mahudhurio ya Alhamisi

Alhamisi ndiyo siku niliyokuwa nikiipenda kuliko siku zote za wiki, na sababu yake si nzuri. Ndiyo siku pekee ambayo mwenzangu alionekana mvivu na mimi nikaonekana mwanafunzi.

Mwenzangu ni mtoto wa mama mdogo, kwao Uroa, kijiji cha pwani. Tulimaliza kidato cha nne mwaka mmoja, tukapata nafasi chuo kimoja cha uuguzi, na kwa kuwa chuo kiko mjini na sisi tunakaa Mji Mkongwe, ikaamuliwa akae kwetu. Hakuna aliyeniuliza. Siku moja nilirudi kutoka dukani nikakuta sanduku lake chumbani kwangu, godoro langu limesogezwa mpaka ukutani, na mama anacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu baba apate kazi hoteli ya Kendwa na kuanza kurudi nyumbani mara moja kila wiki mbili.

Alhamisi tulikuwa na anatomia. Mwalimu wake ana kazi nyengine, chuoni anakuja siku hiyo moja tu, kwa hiyo vipindi vyote vya wiki aliviunga pamoja. Anaanza saa mbili asubuhi, anamaliza saa sita, hakuna mapumziko. Anasimama pembeni ya projekta, anasoma slaidi moja baada ya nyengine, wala hageuki kutazama kama tupo. Kijana mmoja wa viti vya nyuma alisema hata tarawehe watu hupumzika wakanywa maji. Darasa likacheka, na mwalimu akadhani tunacheka picha ya utumbo.

Mimi nilikaa mstari wa mbele nikaandika. Sijui namna nyengine ya kuwa darasani. Kusema mbele za watu siwezi, masikio yananiwaka moto. Lakini mkono wangu hauna haya. Kila Alhamisi nilijaza kurasa kumi na moja, kumi na mbili, vichwa vya habari kwa kalamu nyekundu, michoro kwa penseli, na nikifika nyumbani nanakili upya zile sehemu zilizochafuka. Wenzangu wakaniita Fotokopi. Sikulichukia jina hilo. Ijumaa daftari langu lilipita mikononi mwa watu ambao hawajawahi kunisalimia, na likirudi na alama ya mafuta ya sambusa nilijua limesomwa.

Mwenzangu hakuliazima hata siku moja. Hilo ndilo jambo la kwanza lililoniuma.

Yeye husikiliza saa ya kwanza, pengine saa moja na nusu, kalamu imelala mezani, kidevu juu ya kiganja. Mara moja moja anaandika neno, si sentensi. Kisha anainuka taratibu anatoka. Kupitia dirishani nilimwona amekaa kwenye ngazi za nje, mgongo ukutani, macho kayafumba, midomo inacheza. Baada ya muda anarudi, anasikiliza tena kidogo, na ikifika saa ya mwisho hayupo. Darasa zima lilijua anakwenda kulala. Mimi sikumkanushia mtu.

Nilimuuliza mara moja tu, tukirudi nyumbani kupitia Darajani. Alinijibu kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakunywa maji. Bibi yake, aliyemsomesha msahafu kule kwao, hakuwa akimpa mtoto sehemu ya pili mpaka airejeshe ya kwanza kwa kichwa, na asiyeirejesha hukaa na hiyohiyo hata wiki nzima, wenzake wakimpita.

"Mie nikijaa namwagika," akasema. "Natoka nikarejeshe nilichopewa, ndipo narudi kuchukua kengine."

Nikamwambia, "Haya." Moyoni nikasema, anafanya anatomia kama juzuu amma, tutaonana kwenye mtihani.

Lazima nieleze habari ya mama, maana bila ya yeye haya yote yangekuwa mambo ya shule tu.

Mama hushona kofia. Zile za kitambaa cheupe, zenye vitundu vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi mpaka vinakuwa maua. Kofia moja inamchukua miezi. Kila siku baada ya sala ya alasiri anakaa dirishani kwenye mwanga, mkeka chini, mto mgongoni, na mikono yake inafanya kazi peke yake huku masikio hayana la kufanya. Mama alitaka kuwa muuguzi. Alifika kidato cha pili akaolewa. Tangu nina akili ananisimulia alivyokuwa akimsafisha kidonda bibi mmoja wa jirani, na watu wakisema mtoto huyu ana mkono. Mimi kwenda kusomea uuguzi haikuwa shauri langu wala lake. Ilikuwa imeshakuwa hivyo tangu zamani.

Basi wiki ya kwanza tu mwenzangu akakaa kwenye ule mkeka. Akachukua sindano akawa anamtungia mama uzi, na bila ya kuombwa akaanza kumsimulia tuliyofundishwa. Mimi nilikuwa chumbani na kalamu zangu, mlango umeachwa wazi kidogo, nikipaka rangi nyekundu mishipa ya damu safi na buluu ile ya damu chafu. Namsikia anasema moyo una vyumba vinne, viwili juu viwili chini. Damu inaingia chumba hiki, inashuka kwa mlango huu, na ikishapita, mlango unafunga nyuma yake isirudi.

"Ngoja," mama akasema. Nikasikia na sindano imesimama. "Na mlango usipofunga?"

Mwenzangu akasema hajui, atauliza.

Na kweli aliuliza. Aliinua mkono Alhamisi iliyofuata mbele ya darasa zima, mwalimu akageuka kwa mara ya kwanza, akatwambia damu hurudi nyuma, mtu akapungukiwa pumzi, miguu ikavimba. Alasiri mwenzangu akampelekea mama jibu kama mtu aliyeleta samaki. Mama akafurahi mpaka usiku. Akasema yule bibi wa jirani miguu yake ilikuwa imevimba, tena alikuwa halali ila kwa kukaa, nani angejua.

Mama yangu hajawahi kuniuliza mlango usipofunga. Ila na mimi sikuwahi kumwambia kama kuna mlango.

Ningeweza kutoka chumbani nikakaa nao. Mlango ulikuwa wazi. Lakini mkeka ule una nafasi ya watu wawili, au hivyo ndivyo nilivyouona, na kila alasiri nilibaki ndani nikinakili huku nasikiliza kila neno, na kijicho kinanipanda mpaka penseli inakatika ncha.

Jaribio la kwanza likaja. Majibu yalibandikwa ukutani siku ya Jumatatu. Mwenzangu alipata themanini na moja. Mimi nilipata thelathini na nane.

Nilisoma jina langu mara tatu nikidhani mistari imepishana. Wale walioazima daftari langu, wengine walipata hamsini, wengine sitini. Kijana wa viti vya nyuma akasema, "Fotokopi haina makosa, ila haijui imeandika nini." Walicheka bila ya ubaya. Ndiyo ilivyoniingia zaidi, kwa sababu ilikuwa kweli. Kwenye jaribio niliukumbuka kila ukurasa ulivyokaa, kichwa cha habari kiko wapi, wino ulichafuka wapi. Maneno yenyewe hayakuja.

Mama hakunigombeza. Angenigombeza ningepona. Alishika kichwa changu akasema tushukuru, mwenzangu yupo, atanifahamisha. Akaingia jikoni akapika pilau, na nilijua pilau ile si ya thelathini na nane.

Sasa nifike kwenye daftari lenyewe, lile la mahudhurio.

Mwalimu alipogundua watu wanasaini asubuhi kisha wanatoroka, aliamua majina yapigiwe alama tena saa sita. Kazi hiyo akanipa mimi. "Wewe unakaa mbele na huna maneno," alisema. Alhamisi ya kwanza niligeuka nyuma nikaona viti saba vitupu. Sauti ikaninong'oneza, niweke mie na huyu, wamekwenda kunywa urojo watarudi. Nikaogopa. Nikapiga alama kwa watu wote. Ikawa ndiyo desturi. Darasa zima lilihudhuria kila Alhamisi mpaka saa sita kamili, kwa mkono wangu.

Alhamisi ya baada ya majibu, kalamu ilipofika jina la mwenzangu ikasimama. Nilitazama kiti chake. Kilikuwa kitupu. Na vyengine vitano vilikuwa vitupu. Nikaruka kisanduku chake, nikaendelea na jina la chini yake.

Nilijiambia sijasema uongo, si kweli hayupo? Usiku nikalala vizuri, hilo nalo niliandike. Alhamisi ya pili nikaruka tena, na ya tatu, na ya nne. Kila nikisikia wanacheka mkekani, nilikuwa na kisanduku changu kitupu cha kukifikiria. Nilikuwa mkweli kwa mtu mmoja tu.

Kuna sheria ya chuo kwamba asiyetimiza mahudhurio haingii mtihani wa mwisho wa semesta. Nilikuwa naijua. Sikutaka kuifikiria hadi mwisho, nilitaka tu aulizwe, aaibike kidogo, mama asikie. Lakini wiki moja na nusu kabla ya mtihani karatasi ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo, na ilikuwa na jina moja.

Kwa mwenzangu kukosa mtihani haikuwa kurudia mwaka. Ilikuwa kurudi Uroa. Mama mdogo analima mwani, na alishasema mapema kwamba atamjaribu mwaka mmoja, ikishindikana kuna kazi ya usafi kwenye hoteli ya jirani na nafasi yake inamngoja. Mwenzangu alinambia haya mwenyewe siku za mwanzo, tukiwa tumelala, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Alirudi nyumbani hakulia. Alimwambia mama akiwa amesimama, buibui hajavua. Mama akaweka kofia chini. Kisha akanigeukia mimi.

"Daftari si liko kwako wewe?"

Mwenzangu alinitazama, akakaa akinitazama, na nikaona anaelewa. Nilisubiri aseme. Akasema labda nilisahau, watu ni wengi, na yeye mwenyewe anatoka sana.

Kwa wema ule nilimchukia. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, na kwa matusi ningekuwa na la kusema.

Mama akasema basi kesho niende nikaeleze kwamba nilisahau.

Sikuweza kwenda kusema uongo mwengine, na kusema ukweli sikujua kunaanzia wapi, kwa hiyo nikaandika barua. Kurasa mbili. Nilikaribia kupiga mstari mwekundu chini ya kichwa cha habari. Asubuhi nikaipeleka kwa mratibu wa mwaka wetu, mama mtu mzima ambaye zamani alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi na mpaka leo anatembea kama kuna mtu anamwita. Nikatoa shikamoo, akaitika marahaba, nikamkabidhi bahasha. Hakuifungua.

"Ungekuwa Pemba ningeisoma," akasema. "Uko mbele yangu, nambie."

Nilitazama kalenda iliyokuwa nyuma ya kichwa chake. Nikasema kwamba saa sita huwa napiga alama kwa watu wote, waliopo na wasiokuwapo, isipokuwa mwenzangu.

"Kwa nini yeye?"

"Kwa sababu kapata themanini na moja."

Feni ilikuwa inazunguka juu na sikuisikia. Akaniuliza mimi nimepata ngapi, nikamwambia. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea: Alhamisi iliyopita, saa ya mwisho, tulifundishwa nini? Nikasema figo. Figo inafanya nini? Nikafungua mkoba.

"Usifungue," akasema.

Nikasimama pale na mkono ndani ya mkoba, vidole vimeshika daftari lenye kurasa kumi na mbili za figo, na sikuweza kutoa sentensi moja iliyokamilika. Akanambia niende darasani, nimwite mwenzangu.

Walichozungumza sikukisikia. Alinisimulia baadaye msichana aliyekuwa ofisini akisubiri muhuri. Mwenzangu naye aliulizwa Alhamisi ile tulifundishwa nini. Akaeleza Alhamisi nzima tangu slaidi ya kwanza, kwa kichwa, mpaka akafika mahali akasema: kuanzia hapa nilikuwa nje, sijui.

Karatasi ikabanduliwa ubaoni siku ile ile. Daftari la mahudhurio likafutwa lote, kwa kuwa haliaminiki, na mimi nikanyang'anywa kazi. Hilo nililitaraji. Mratibu alikwenda pia kwa mwalimu wa anatomia, na tangu hapo tunapumzika robo saa ikifika saa nne. Anapumzika kwa kununa, anakaa mlangoni anatazama saa. Na sasa kila mtu anasaini mwenyewe saa sita mbele ya mwalimu, hakuna urojo tena. Walinilaumu mimi. Fotokopi imeharibika, wakasema, na safari hii ubaya ulikuwamo. Daftari langu halikuazimwa tena.

Mwenzangu alihamia dahalia, bweni la chuo. Alimwambia mama kwamba mtihani umekaribia na kule wapo wa kusoma nao. Mama aliamini, akamfungia visheti kwenye kopo. Mpaka leo mama hajui, kwa sababu mwenzangu hakumwambia na mimi sijamwambia. Nilimsaidia kushusha sanduku. Ngazi zetu ni za mbao, nyembamba na zina giza, anayetangulia lazima ashuke kinyumenyume. Alitangulia yeye. Katikati akasimama, akaegemeza sanduku kwenye goti, tukawa tunatazamana juu yake.

"Ungenambia unataka kukaa pale mkekani," akasema, "ningesogea."

Hakungoja jibu. Akaendelea kushuka.

Aliingia mtihani akafaulu, wa pili kwa darasa zima. Mimi nilifaulu masomo mengine, anatomia nikapata sapu, yaani nitaufanya tena mtihani huo peke yake kabla ya semesta hii kwisha, na nikianguka tena narudia mwaka mzima. Ndiyo sababu sasa, baada ya alasiri, natoka chumbani na kukaa mkekani. Namtungia mama uzi na kumsimulia figo.

Siku ya kwanza nilikwenda na daftari. Mama akauliza damu ikishachujwa, ule uchafu unakwenda wapi, nikashusha macho kutafuta kurasa. Mama akasema mwenzangu alikuwa hatazami. Hakusema kwa kuniumiza, alikuwa anakumbuka tu. Nikalifunga. Nikaanza upya, nikakwama, nikaanza upya. Siku ya tatu nilipita kwenye vichujio vidogo bila ya kukwama. Nagundua mambo ambayo nimeyaandika mara tatu kwa rangi mbili na sikuwa nayajua.

Kijicho hakijaondoka. Nilidhani akihama kitahama naye, kumbe kimebaki na nafasi zaidi. Kila Alhamisi akitoka darasani mwenzangu anapita kumsalimia mama, anakaa nusu saa, na mama siku hiyo anapika mapema. Mimi hukaa nao. Mkeka unatutosha watu watatu. Mwenzangu hanisemeshi sana, wala haninyimi salamu.

Jana nilikwenda kwa kichwa tangu mshipa unaoingia kwenye figo, vichujio, mrija, mpaka nikafika kwenye kibofu. Sikukwama hata pahala pamoja. Mama alivuta uzi, akaukata kwa meno, akaigeuza kofia kuitazama upande wa pili.

"Vizuri," akasema. "Kesho akija mwenzio tutamuuliza kama ndivyo."